Mwalimu Asiyetugeuzia Mugongo

Nimetumwa. Niseme hivyo mbele ya yote, juu wanaonijua watafikiri nimeanza tena hadithi zangu za kukaa kwa moto wa wenyewe na kumaliza maharagi yao. Safari hii hapana. Mwalimu wetu wa Karuba njo amenituma, nifikishe neno kwa kila muntu aliyesoma kwake. Miguu yangu imefika pale ilipoweza. Lakini wengine muko Goma, wengine muko Walikale ndani ya musitu, wengine nasikia muko hata Uganda munauza viatu. Kwa hiyo ninaandika. Miye niliacha masomo mwaka wa ine juu ya ngombe za baba, na mukiona herufi imekaa vibaya musimulaumu yeye. Alinifundisha vizuri. Ni miye niliondoka mbele ya mwisho.

Neno lenyewe ni fupi, linaweza kuingia mu kiganja. Lakini siwezi kulitupa hivi hivi kama ngozi ya ndizi. Yule ambaye hakumujua atauliza: hii tu njo inatembeza muzee milimani? Basi acha kwanza nimuweke mbele yenu, halafu neno litakuja.

Jina lake siliandiki. Hakuna aliyelitumia. Hata bibi yake, siku alizokasirika, alisema tu: "Mwalimu, kuni zimekwisha, ao unafikiri nitapika na kitabu?" Alikuwa murefu, mwembamba, na koti ya kahawia yenye kalamu mbili mu mufuko. Moja ilikuwa imekufa zamani. Tulimuuliza juu ya nini anabeba kalamu iliyokufa, akasema ile nyingine inahitaji mwenzake.

Kwa maharagi hakuwa na choyo. Ukipita kwake saa ya kula, ulikula. Lakini kwa kre ya kuandikia ubaoni, Mungu wangu! Kila kre aliivunja mara ine, na kipande cha mwisho alikishika na kucha mpaka kucha zenyewe zikaandika. Direkteri alimuambia siku moja: "Mwalimu, unagawa gunia la maharagi na unaficha kre kama zahabu." Akajibu: "Maharagi inaota, Direkteri. Wewe ulishaona shamba ya kre?"

Sasa hii kitu ya mugongo. Kama ulisoma kwake unaikumbuka. Hakutugeuzia mugongo hata siku moja. Aliandika ubaoni akiwa amesimama upande upande, shingo imegeuka, macho kwetu, mukono unatafuta njia peke yake. Maandishi yake yalipanda kama njia ya kwenda Mushaki, yanaanza chini na kumalizikia karibu na mabati. Tulisoma tukiinamisha vichwa. Hata leo nikisoma barua iliyonyooka shingo yangu inashangaa.

Nilimuuliza sababu nikiwa nimekuwa tayari muntu muzima, tunakunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, kwa arusi ya jirani. Akasema: "Mwaka wangu wa kwanza niligeuka kuandika. Niliandika vizuri sana, tablo nzima, ubao wote. Niliporudi kuangalia, mutoto mumoja kwa benchi ya nyuma alikuwa amelia, akamaliza kulia, akapanguza uso. Miye sikujua kitu. Mpaka leo sijui alilia nini." Akanywa. "Basi nikasema sitageuka tena."

Muiweke hii mu kichwa. Itarudi.

Na kitu kingine: makosa. Mwalimu alikuwa na hofu moja kubwa mu maisha, aache kosa ndani ya kichwa cha muntu. Sisi tukikosa, hakutuchapa sana. Yeye akikosa, hakulala. Siku moja alitufundisha saba mara nane ni makumi tano na ine. Tukaimba, tukaenda nyumbani. Mvua ikashuka, ile mvua ya Masisi inayoshuka kama muntu anamwaga ndoo. Tukiwa tunakula viazi tunasikia mulango. Baba akafungua, anaona Mwalimu, koti imekuwa nzito, mayi inatoka mu kalamu zote mbili.

Baba akashika kichwa. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Papa. Mutoto iko?"

"Iko. Amefanya nini?"

"Yeye hapana. Ni miye." Akaniangalia. "Saba mara nane?"

"Makumi tano na ine, Mwalimu."

"Makumi tano na sita. Rudilia."

"Makumi tano na sita."

"Aksanti. Mulale vizuri." Na akarudi mu mvua. Mama alitaka kumupa kiazi cha njiani, akakuta ameshafika kwa jirani, tunamusikia kule: saba mara nane? Alipita nyumba zote siku ile. Baba alisema: "Huyu muntu iko na ugonjwa." Lakini alisema polepole, na kesho yake alimupelekea mashanza, yale maziwa ya kuganda, kibuyu kizima. Baba yangu hakuwa muntu wa kupeleka vitu.

Sasa karte, ile wengine wanaita ramani. Masomo yetu, ile nyumba ya kusomea, ilikuwa na ukuta wa udongo, na Mwalimu alitaka karte ya inchi yetu juu ya ule ukuta. Aliandika barua, akaandika tena, akangojea. Siku moja gari iliyokuja kupakia mashu, zile kabeji, ikaleta karatasi kubwa iliyoviringishwa. Tukaacha yote. Akaifungua juu ya meza, sisi tumejaa kwa mabega yake.

Haikuwa Kongo. Ilikuwa muji unaoitwa Kotonu, kule Benin, mbali kabisa, Afrika ya magaribi, pembeni ya bahari. Muji huo na miji inayouzunguka, basi. Walikuwa wamechora picha ndogo ndogo: kwa Kotonu meli na soko, kwa Wida nyoka, kwa sababu wako na nyumba ya nyoka kule na hawawaui, kwa Porto-Novo nyumba ya mufalme, kwa Gran-Popo munazi umeinama. Na juu kidogo ya Kotonu, ndani ya ziwa, nyumba zimesimama na miguu mu mayi kama korongo. Pale waliandika Ganvie.

Karte yetu ilienda wapi, sijui. Miye ninawazaka kwamba huko Kotonu iko kalasi iliyoipokea, na watoto wao wanajua Sake na Karuba na Rubaya, na hawaelewi juu ya nini.

Direkteri alisema irudishwe. Mwalimu akasema: "Turudishe halafu tubaki na ukuta? Karte ni karte. Mutoto akijua kusoma hii, siku yetu itakapokuja ataisoma." Yetu haikukuja. Basi sisi watoto wa Karuba tulijua miji ya Kotonu kuliko tulivyojua Kinshasa. Inspekteri alipokuja akauliza muji gani iko na bandari, kalasi nzima ikapiga kelele: Kotonu! Akaandika kitu mu kitabu chake, akauliza: "Mwalimu, hawa ni watoto wa inchi gani?" Mwalimu akamujibu kwa heshima kabisa: "Ni watoto wa karte ile mulitutumia, Chef."

Kisha mbuzi alikula Gran-Popo. Ilikuwa pembeni ya karatasi, na mulango ulibaki wazi. Mvua ikamaliza pahali pengine. Mwalimu hakulia. Alitupandisha kwa mulima nyuma ya masomo, kule ambako siku ya mawingu kidogo ziwa Kivu linaonekana, jeupe kama sahani. Akatupanga tukiangalia ziwa. Yeye akasimama mbele yetu, akituangalia sisi, kama kawaida yake.

"Ile mayi kule tuseme ni bahari. Hapa munasimama ni Kotonu. Mukono wa kushoto!"

Mikono yote ya kushoto juu.

"Kule ni Wida. Nyoka. Mbele zaidi, Gran-Popo. Munazi. Mukono wa kuume! Porto-Novo, nyumba ya mufalme. Na nyuma yenu, juu ya mayi?"

"Ganvie!"

Tulifanya hivyo mwaka kwa mwaka. Waliokuja nyuma yangu hawakuona karte hata kidogo, walipewa mulima tu. Watoto wangu waliufanya. Ukikutana na muntu kwa njia, ukainua mukono wa kushoto bila kusema kitu, akikujibu "nyoka", unajua huyu ni wa kwetu.

Musifikiri ilikuwa muchezo wa bure. Mudogo wangu alibeba mizigo mu njia ya Walikale, ile njia ya matope na miti. Malaria ikamuangusha pahali ambapo hakuna aliyemujua. Alilazwa chini ya hema la plastiki, anaongea maneno ya homa: Wida, Gran-Popo, Wida, Gran-Popo. Watu wakasema huyu ameshikwa na mashetani. Dada mumoja aliyekuwa anapika mikate pale akaacha mafuta kwa moto, akaja, akamuinamia. "Kushoto ni nini?" Mudogo wangu, macho yamefungwa, akasema: "Nyoka." Yule dada akawageukia wale watu: "Hakuna shetani hapa. Huyu alisoma Karuba." Akamupeleka kwake, akamutunza majuma matatu. Sasa ni bibi yake. Wako na watoto watano, na nasikia wa kwanza alijua kuinua mukono mbele ya kujua kusema mama.

Aliyemusumbua Mwalimu alikuwa Papa wa Butike. Huyu alitoka kule Butembo, Mukatoliki wa misa ya kwanza, anauza chumvi, sabuni, misumari, na alikuwa na imani kwa kitu kimoja tu zaidi ya Kanisa: kitu ambacho ameshika na mukono. Ganvie ilimunyima usingizi.

"Mwalimu, karibu! Uniambie. Ule muji wa juu ya mayi, kuku zao zinaendaka choo wapi?"

"Mu mayi, Papa."

"Na samaki zinakula?"

"Zinakula."

"Na bantu banakula zile samaki?"

"Wanakula."

"Basi miye nitabaki Mukatoliki wa mulima."

Watu wakacheka mpaka wakashikilia kaunta. Na Mwalimu alicheka pia, lakini niliona shingo yake. Hakupenda wafikiri anafundisha uongo. Na Papa wa Butike alijua pa kuchoma: "Wewe mwenyewe uliona bahari siku gani?" Hakuiona. Hata ziwa hakulivuka. Alishuka siku moja Kirotshe kwenda kumusalimia ndugu yake ngambo, akaingiza muguu mumoja mu mutumbwi, mutumbwi ukatikisika kidogo, akautoa. Akazunguka kwa miguu, siku mbili. Habari ilifika Karuba mbele yake.

"Mwalimu wa Ganvie anaogopa mayi!"

"Miye ninafundisha Ganvie," alisema. "Sikusema ninaikala kule."

Miaka ikapita. Telefone zikakuja. Siku moja Papa wa Butike, sasa naye muzee, alipanda kwa nyumba ya Mwalimu anakimbia, telefone ameishika mbele kama taa. "Mwalimu! Iko!"

"Nini iko?"

"Ganvie! Mutoto wangu amenionyesha picha. Nyumba, miguu, mayi, yote!"

"Ninajua iko."

"Hapana, angalia! Iko kweli kweli!"

Lakini macho ya Mwalimu yalikuwa yameanza kufunikwa na kile kitu cheupe. Aliona mwangaza tu. Akasogeza kiti. "Nielezee," akasema. Basi Papa wa Butike akaketi, akaanza kumuelezea nyumba kwa nyumba yule muntu aliyemuelezea miaka yote. Mwalimu alisikiliza kama ni mara ya kwanza. Alipomaliza akamuambia: "Umesoma vizuri."

Nilikuwa pale. Papa wa Butike alipanguza telefone kwa shati mara nyingi kuliko inavyohitaji.

Vita, munaijua. Sitairudilia, kila muntu ana yake. Tulishuka, tukatawanyika, wengine tukarudi kulima na kushuka tena. Mwalimu alipelekwa na mutoto wake mwanamuke Kirotshe, pembeni ya ziwa, pale kwenye hospitali. Nilikaa muda murefu bila kumuona. Halafu mwaka huu, tukiwa tumerudi Karuba na maharagi yametoa maua, nikasikia waganga wa macho wamefika Kirotshe kwa majuma machache, wanatoa kile kitu cheupe, na Mwalimu yuko kwa orodha. Nikafunga kibuyu cha mashanza, nikashuka na pikipiki, magoti yangu yakinitukana njia yote.

Nilimukuta inje, kwa benchi, pamoja na wagonjwa wengine, wote na jicho moja limefunguliwa bandeji asubuhi ile. Alikuwa amekonda. Koti ni ile ile. Aliniangalia, akaniangalia tena.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe, Mwalimu."

"Miye sikujiona. Wewe ninakuona." Akacheka, anashika uso wangu na mikono yake miwili kama muntu anachagua boga. Nikatoa mashanza, nikaangalia pembeni kidogo, juu macho yangu pia yalikuwa yanaleta mayi na hayakuwa na sababu ya ugonjwa.

Munganga wake akapita kuangalia wagonjwa. Mwanaume mukubwa, shati ya maua, Kifaransa chake kinaimba, na Kiswahili cha majuma matatu. Mwalimu akamushukuru, akamuuliza anatoka wapi.

"Benin, Papa. Miye ni muntu wa Kotonu."

Sijui niwaambie namna gani. Mwalimu alisimama. Alimushika yule munganga mukono, akaushika, hakuuachilia, na infirmie, muuguzi wa pale, akafikiri amepatwa na kizunguzungu. Basi miye nikasema ngoja, hapa mutoto wa Karuba lazima aonyeshe. Nikasimama mbele ya benchi, nikaangalia ziwa, pale liko karibu kabisa, mawimbi yanagusa mawe. Nikanyoosha kifua. Mukono wa kushoto juu.

"Wida! Nyoka! Mbele zaidi, Gran-Popo, munazi! Mukono wa kuume, Porto-Novo, nyumba ya mufalme! Nyuma, juu ya mayi, Ganvie!"

Munganga alifungua mudomo. Akapiga mikono. Aliita wenzake, akataka nirudilie, nikarudilia. Kisha akaja nyuma yangu, anacheka, akashika mikono yangu. "Papa, mayi ni bahari? Basi, kwa kushoto hivi, wewe unapita Porto-Novo, unaingia Nigeria." Akashusha ule wa kushoto, akainua wa kuume. "Wida, hapa."

"Hapana, Dokta."

"Ndiyo, Papa."

"Usitudanganye, Dokta. Sisi tulisoma."

"Miye nilizaliwa kule!"

"Kuzaliwa ni kuzaliwa. Sisi tulifundishwa."

Benchi nzima inacheka. Infirmie anacheka. Mwalimu peke yake hakucheka. Niliona ameinama, fimbo yake inachora mu vumbi: musitari wa bahari, kipande hapa, kipande kule. Akafuta na kiatu. Akachora tena.

"Wewe," aliniita. "Pale kwa mulima nilikuwa ninasimama wapi?"

"Mbele yetu, Mwalimu."

"Ninaangalia nini?"

"Unatuangalia sisi."

"Na ziwa?"

"Iko nyuma yako."

"Na ninyi munaangalia ziwa." Akaketi. "Kushoto ilikuwa ya kwangu. Niliitoa kwa karte, niko nimesimama kama karte. Ninyi mulikuwa mumegeuka." Aliangalia mikono yake, moja halafu nyingine. "Sikuwageuzia mugongo. Njo ile ilileta kosa."

Miye nilitaka kumutuliza. Nikasema ile ambayo hata ninyi mungesema: "Mwalimu, wacha. Nani wa Karuba ataenda Wida?"

Akaniangalia na lile jicho jipya, na niwaambie, nilirudi kuwa na miaka nane.

"Yule atakayeenda," akasema. "Njo huyo nilimudanganya."

Munganga akakaa chini, kwa udongo, mbele ya magoti yake, na infirmie alisaidia maneno yalipomukatikia. Alisema: "Mwalimu, kwetu hakuna aliyenifundisha Masisi. Wala kushoto, wala kuume. Nilifika hapa sijui kitu. Wewe uliwapa watoto muji wangu wote, na nyoka wake. Mukono tu njo ulipotea."

"Mukono unapeleka muntu mbali," Mwalimu alijibu. Lakini nikaona mabega yake yameshuka kidogo. Nikamuuliza munganga kama kwao walipokea karte ya Masisi kwa kosa. Akasema hapana. Bado ninafikiri haikutafutwa vizuri.

Mwalimu alikuwa anatafuta kofia yake tayari. Infirmie akamushika. "Papa, unaenda wapi?"

"Karuba. Halafu Mushaki."

"Na jicho lililofunguliwa leo? Na vumbi? Papa, siku kumi hapa, hakuna kuinama, hakuna njia."

"Siku kumi ni nyingi."

"Mwalimu," infirmie akasema, "wamekaa nalo miaka makumi tatu."

Ile ilimuumiza kuliko dawa. Akageuka kwangu. "Basi ni wewe. Uliacha masomo mwaka wa ine."

"Ndiyo, Mwalimu. Ngombe."

"Hii njo mwaka wa tano. Simama."

Nikasimama. Na hapa, wenzangu, munisikilize, juu nyinyi wote hamukuona hii kitu na hamutaiona. Mwalimu alitoka kwa benchi na fimbo yake, akaja mbele yangu. Akasimama. Nilifikiri ataniangalia kama siku zote. Akaangalia wale wagonjwa, akaangalia miye, akasema: "Munisamehe mugongo." Kisha akageuka. Akaangalia ziwa, sawa na sisi. Koti ilikuwa imetoboka kati ya mabega, na bibi yake, ambaye Mungu alishamuchukua, alikuwa ameishona na uzi wa bluu, mistari midogo, imenyooka kuliko maandishi yote bwana wake aliwahi kuandika.

"Mukono wa kuume," akasema.

Nikainua. Nikasikia nguo zinasugua nyuma yangu. Wagonjwa wote wa benchi walikuwa wamesimama, watu wa Minova, watu wa Kirotshe, watu ambao hawajui Karuba wala Benin, jicho moja moja, na mikono yao ya kuume juu. Munganga pia, shati yake ya maua.

"Wida."

"Wida!"

"Mukono wa kushoto. Porto-Novo."

"Porto-Novo!"

"Na Ganvie?"

"Nyuma!" nikapiga kelele peke yangu, juu wengine hawakujua.

"Ile nilisema vizuri," Mwalimu akasema bila kugeuka. Na alibaki amesimama hivyo muda kidogo, anaangalia ile mayi aliyoiogopa, na jicho linaloona mpaka ngambo.

Basi nimepita. Karuba nimeimaliza. Kuna mama mumoja nilimukuta mu maharagi yake, alisoma nyuma yangu miaka mingi. Nilipomuambia aliweka jembe chini, akapanguza mikono kwa kitenge, akatafuta ziwa na macho, akainua wa kuume polepole kama muntu anavaa nguo ya muntu mwingine. Akasema: "Inasikika vibaya." Nikasema najua, rudilia. Papa wa Butike alikataa kabisa siku mbili, halafu akaangalia mu telefone, halafu akaniita kwa jina langu lote, akakubali. Rubaya nimefikisha kwa wachimbaji wawili, wameahidi kuwaambia wengine kule mu mashimo. Mudogo wangu na bibi yako, kule Walikale, hii ni yenu: nyoka iko kuume. Mufundishe watoto upya. Na mukimuuliza muntu kwa njia, musimukatae akiinua wa kushoto. Ni wa kwetu pia, habari tu haijamufikia.

Mushaki nilifika siku ya soko. Mutoto mwanamuke wa Papa wa Butike, ule wa mwisho, anauzisha bitenge pale, alisoma kwa Mwalimu mbele tu ya sisi kukimbia. Nikamuambia neno langu. Hakucheka. Aliacha kukunja kitenge.

"Papa, unasema kweli? Juu nimeshatoa pasipoti. Mvua ikiisha ninaenda kuchukua mali Kotonu mimi mwenyewe, na nilisema siku ya yenga, Jumapili, nitatafuta ile nyumba ya nyoka, nipigie Mwalimu picha."

Nikashikilia meza yake. Nikakumbuka lile jicho la Mwalimu.

"Simama," nikamuambia. "Ziwa iko wapi?"

Akatafuta, akageuka katikati ya soko, watu wanatuangalia. Nikaenda nikasimama mbele yake, nikamugeuzia mugongo, nikainua mukono.

"Kuume, Papa?" alisema nyuma yangu.

"Kuume, mwanangu. Lakini ukifika, kwanza uangalie bahari."